NANI ATASHIKA KAZI KESHO?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Section 58, Nakuru)



Leo ni siku ya mapumziko, na kila mmoja wenu ameacha shughuli za nyumbani ili awe hapa. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi ya kupamba. Tutasema lililotuleta, kisha mtauliza maswali.

Jambo lenyewe ni hili. Katika ofisi za serikali, za taifa na za kaunti, watumishi wa zamani wanaondoka kwa wingi kwa sababu ya umri, na wale watakaoshika kazi zao hawajatayarishwa. Pengine hata hawajaajiriwa. Twataka kuonyesha jambo hili limetoka wapi, linamuumiza nani, na chama kidai nini.

Tumesikia wengine wakisema, "Hayo ni mambo ya wakubwa. Chama kazi yake ni kudai mshahara." Twawajibu kwa heshima. Mshahara hupewa mtu aliye kazini. Kazi isipokuwa na mpango, mshahara nao hauna mpango. Mtu anayekaimu cheo miaka 3 bila kuthibitishwa amepunjwa mshahara. Kibarua anayefagia soko lile lile miaka 7 akilipwa kwa siku amepunjwa mshahara. Mzee anayestaafu na kungoja malipo yake ya uzeeni mwezi baada ya mwezi amepunjwa vile vile. Hayo yote hutoka katika shina moja, nalo ni kukosa mpango wa watumishi.

KAZI INAPOONDOKA NA MTU

Chukueni mfano wa fundi wa mabomba ya maji katika mji wo wote. Amefanya kazi miaka 30. Yeye ndiye ajuaye bomba la zamani limepita chini ya barabara gani, vali ipi ifungwe maji yakipasuka usiku, na mtaa upi utakauka vali ile ikifungwa. Mambo hayo hayamo katika ramani, maana ramani ilichorwa kabla ya nyumba nyingi kujengwa. Yamo kichwani mwake.

Siku anapotimiza miaka 60, anapewa barua, anapewa chai na maneno mazuri, anakwenda nyumbani kwake Bahati au Molo. Wiki inayofuata bomba linapasuka. Kijana aliyebaki ana cheti kizuri, lakini hajui vali ilipo. Wanachimba hapa, wanachimba pale. Maji yanamwagika siku 2. Mwananchi anakasirika na kusema, "Watumishi wa serikali ni wavivu." Kumbe kijana yule si mvivu. Hakuonyeshwa.

Sasa fikirini hayo hayo kwa karani wa ardhi ajuaye majalada ya viwanja, kwa muuguzi mkuu wa wadi ya wazazi, kwa afisa wa mifugo ajuaye ugonjwa gani huingia Njoro na Mau Narok baada ya mvua. Ujuzi wa namna hii serikali imeulipia kwa miaka mingi. Ukiondoka bila kurithishwa, serikali imetupa mali yake yenyewe.

WALIOTUTANGULIA WALILIJUA JAMBO HILI

Ndugu, hili si jambo jipya kwa vyama vya wafanya kazi. Mwaka wa 1959, Kenya ilikuwa bado chini ya ukoloni. Tom Mboya alikuwa kiongozi wa chama kikuu cha vyama vya wafanya kazi wakati huo. Alijua ya kuwa uhuru unakuja, na akajiuliza: siku Mzungu atakapoinuka katika kiti, nani atakaa? Mwezi wa Septemba mwaka ule, wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani kwa juhudi zake na za rafiki zake wa Marekani. Wengine wengi walifuata katika miaka iliyokuja. Wengi wao walirudi wakawa maofisa, walimu na madaktari. Mtu wa chama cha wafanya kazi hakungoja serikali ya kikoloni imfikirie. Alifanya mpango kabla ya siku kufika.

Mwaka wa 1961 kilifunguliwa chuo cha kufundisha utawala huko Kabete, ili Waafrika waliokuwa makarani waweze kushika kazi za maofisa. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Kenya School of Government. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963 watu walikuwa hawatoshi, hilo ni kweli, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Tazameni jirani zetu wa Kongo. Wao walipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wabelgiji walikuwa hawakutayarisha watu wa kushika madaraka. Katika jeshi zima hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekuwa afisa, na waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama ile. Siku chache tu baadaye askari waliasi, Wabelgiji wakakimbia maofisini, na kazi zikasimama. Taabu ya Kongo ilikuwa na sababu nyingi, lakini hii ilikuwa moja kubwa: walioshika kazi waliondoka kwa mara moja, na nyuma yao hakuna aliyefundishwa.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini yapasa awepo mhunzi mwingine wa kutengeneza koleo jipya.

PENGO LA LEO LIMETOKA WAPI

Pengo hili halikuanguka kutoka mbinguni. Lina tarehe zake.

Katika miaka ya 1990 serikali ilishauriwa na wakopeshaji wa ng'ambo ipunguze watumishi. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mpango wa kurekebisha utumishi wa serikali, na baadaye maelfu kwa maelfu ya watumishi wa vyeo vya chini wakapewa fedha kidogo ili waondoke kabla ya wakati. Wakati huo huo mlango wa kuajiri ulifungwa kwa sehemu kubwa. Mwaka wa 1998 hata kuajiri walimu kulisimamishwa, isipokuwa kuziba nafasi za walioondoka. Halafu mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, watoto wakajaa madarasani, na walimu ni wale wale.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mtu aliyeajiriwa mwaka wa 1989 akiwa na miaka 24 alizaliwa mwaka wa 1965. Ametimiza miaka 60 mwaka wa 2025. Aliyepaswa kuwa nyuma yake, mwenye miaka 50 au 52, mwenye ujuzi wa kutosha wa kushika cheo, ndiye yule ambaye miaka ya 1990 alibisha hodi akaambiwa hakuna kazi. Kwa hiyo katika ofisi nyingi twaona wazee juu, vijana chini, na katikati pamebaki patupu kama kinywa kilichong'olewa meno ya mbele.

Mwaka wa 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, na baadaye kwa watu wenye ulemavu miaka 65. Jambo hilo liliwafaa wengi. Mzee aliyekuwa na watoto shuleni alipata miaka 5 zaidi ya mshahara. Lakini ile miaka 5 ilikuwa pia nafasi ya kuwafundisha warithi, na mahali pengi nafasi hiyo haikutumiwa. Mwaka wa 2014 ulipofika, waliokuwa wangoje kuondoka walianza kuondoka, na pengo likawa pale pale.

Kisha ikaja ugatuzi mwaka wa 2013. Hapa Nakuru, kama kwingineko, walikusanyika chini ya paa moja watumishi wa namna tatu: waliotoka katika mabaraza ya miji na ya wilaya yaliyovunjwa, waliotoka katika wizara za taifa, na walioajiriwa na kaunti yenyewe. Kila kundi lilikuja na masharti yake, vyeo vyake na malipo yake ya uzeeni. Watu wawili wanafanya kazi moja katika meza moja, na mishahara yao haifanani. Ofisi ya namna hiyo haiwezi kupanga nani atamfuata nani, maana hata hesabu ya nani ni nani ilichukua miaka.

Na nyinyi mliokaa karibu na reli mwalijua somo hili kabla yetu sote. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mji ukakua kandokando yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, reli ikagawanywa, na mwaka uliofuata likaanzishwa shirika la reli la Kenya. Mwaka wa 2006 reli ikapewa kampuni ya watu binafsi iiendeshe, na wafanya kazi wengi wakapunguzwa. Mwaka wa 2017 mkataba ule ukavunjwa. Mwezi wa Desemba 2021 gari la moshi la abiria lilianza kwenda tena Kisumu kupitia hapa. Chuma chaweza kulala kichakani miaka 10 na bado kikanyoshwa. Fundi aliyeondoka na ujuzi wake hawezi kunyoshwa hivyo.

WANAOUMIA NI HAWA

Wa kwanza ni anayekaimu. Mkubwa amestaafu, nafasi haikutangazwa, basi anaitwa mmoja aliyebaki na kuambiwa, "Shikilia kidogo." Kidogo kinakuwa mwaka. Anatia sahihi, anabeba lawama, na mshahara ni ule ule wa zamani. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka wa 2017 yasema kukaimu kusipungue siku 30 wala kusipite miezi 6. Sheria hiyo iliandikwa kwa sababu wakubwa wengine hupenda kaimu kuliko mwenye cheo. Kaimu huogopa. Ukimwambia atie sahihi mahali pasipofaa, atafikiri juu ya kuthibitishwa kwake. Kwa hiyo kukaimu kusikokwisha ni hasara ya mfanya kazi, na ni mlango wa ulaji rushwa pia.

Wa pili ni kibarua na mtu wa mkataba mfupi. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka wa 2015 zasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nia ya kanuni ni njema, maana fedha za barabara na dawa zisimalizwe na mishahara. Lakini baadhi ya wakubwa wameona njia ya pembeni: badala ya kuajiri mtu wa kudumu, huandika vibarua, na kila miezi 3 huandika upya. Kibarua hafundishwi kazi, kwa kuwa wasema ataondoka. Haondoki. Hukaa miaka mingi, naye hajafundishwa. Wauguzi na wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka wa 2020 kwa mikataba ya miaka 3 wanalijua jambo hili kwa machozi. Walishika kazi wakati wa korona, wakati ambapo watu waliogopa hata kupeana mikono, na baadaye iliwabidi waingie barabarani kuuliza hali yao itakuwaje.

Twataka kila kibarua aijue Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007, fungu la 37. Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo kwa jumla zafika mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha kabla ya miezi 3, sheria haimhesabu tena kuwa mtu wa siku. Yahesabu kwamba analipwa kwa mwezi, na hawezi kuachishwa bila kupewa taarifa. Wekeni karatasi zenu za malipo. Andikeni tarehe mlizofanya kazi. Mtu asiye na karatasi huenda mbele ya hakimu mikono mitupu.

Wa tatu ni mzee mwenyewe anayeondoka. Mpango ungalikuwapo, jalada lake lingalitayarishwa mwaka mzima kabla. Badala yake anaambiwa wiki ya mwisho kwamba barua ya kuajiriwa ya mwaka wa 1988 haionekani. Ataitafuta wapi? Nauli atoe wapi?

Wa nne ni mwananchi. Mama anayefika zahanati akakuta mlango umefungwa kwa sababu muuguzi pekee amestaafu, hajali habari za kanuni na asilimia. Huyo mama ndiye dada yetu, na huenda mume wake ni mwanachama aliyeketi hapa.

OLKARIA YATUFUNDISHA KITU

Watu husema serikali haiwezi kupanga. Twakataa, maana mfano mwema umo ndani ya kaunti yetu wenyewe.

Pale Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vya mvuke vilichimbwa mwaka wa 1956, na havikuleta faida. Kazi ikarudiwa katika miaka ya 1970, na mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Wakati ule ujuzi wa mvuke ulikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka wa 1979 chuo cha kufundisha kazi hiyo kilikuwa kimeanzishwa Iceland chini ya Umoja wa Mataifa, masomo ya miezi 6. Kenya ilianza kupeleka watu, wachache wachache, mwaka baada ya mwaka, wa miamba, wa visima, wa mitambo, wa kemia. Haikupeleka kundi moja kubwa kisha ikasahau. Kwa miaka mingi hakuna nchi iliyopeleka watu wengi zaidi ya Kenya. Kuanzia mwaka wa 2005 masomo mafupi yakaanza kutolewa hapa hapa Kenya, na watu wa nchi nyingine za Afrika wakaja kusoma Naivasha.

Matunda yake ni nini? Baada ya mwaka wa 2019, mafundi wa Kenya walivuka mpaka kwenda kuchimba visima vya mvuke Ethiopia, na baadaye Djibouti. Wanafunzi wa jana wakawa waalimu. Mambo matatu yalifanya hivyo: walipelekwa kila mwaka bila kukatiza, walirudi wakakuta kazi waliyosomea ikiwangoja, na wa zamani walifanya kazi bega kwa bega na wapya. Hatusemi kila kitu Olkaria ni asali. Twasema, ikiwa iliwezekana kwa mvuke wa ardhini, yawezekana kwa maji, kwa ardhi, kwa hospitali na kwa usafi wa mji.

KUANDAA MRITHI SI KUMPA JAMAA YAKO

Hapa yatupasa tuseme wazi, maana neno "mrithi" lina hatari yake. Shamba la baba hurithiwa na mwana. Kazi ya serikali si shamba. Ni amana ya watu wote. Mkubwa akimtayarisha mpwa wake peke yake, akampeleka mafunzoni yeye peke yake, kisha nafasi ikatangazwa kwa siku 3 karatasi ikibandikwa nyuma ya mlango, huo si mpango. Huo ni wizi uliovaa tai.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 232, yataka watu waajiriwe na kupandishwa vyeo kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, na wote wapate nafasi sawa za mafunzo: wanaume kwa wanawake, watu wa makabila yote, na wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 yaongeza kwamba katika nafasi za kuanzia kazi, asilimia 30 au zaidi wapewe watu wasiotoka katika kabila lililo kubwa katika kaunti. Hapa Bonde la Ufa jambo hili si maneno ya kitabuni. Tulioishi Nakuru mwaka wa 2008 twajua ugomvi wa makabila huishia wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mwingine huanzia katika karatasi ya kuajiri.

Kwa hiyo mrithi wa kazi asiwe mmoja aliyechaguliwa gizani. Wafundishwe wawili au watatu kwa kila kazi nzito, kisha nafasi itangazwe, na anayeshinda ashinde mbele ya macho ya watu.

MADAI YETU

Chama kitayapeleka mambo haya katika mazungumzo ya mapatano, na twataka kila tawi liyajue.

1. Kila idara itoe hesabu ya nafasi zitakazoachwa wazi kwa sababu ya umri katika miaka 5 ijayo. Sheria ya Kaunti, fungu la 59, imeiwekea Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti wajibu wa kusaidia kupanga watumishi pamoja na fedha za mishahara yao. Hatuombi sadaka. Twaomba kazi ya sheria ifanywe.

2. Mwaka mmoja kabla ya mtumishi kustaafu, awekewe watu wa kujifunza kando yake, na kufundisha kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake.

3. Kukaimu kusipite muda wa sheria. Anayekaimu alipwe posho yake, na nafasi itangazwe kabla muda haujaisha.

4. Vibarua waliokaa katika kazi za kudumu waandikwe kwa kufuata sheria, wale wa zamani wakianza.

5. Nafasi za mafunzo zibandikwe ubaoni, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe pia, pamoja na sababu.

6. Jalada la anayestaafu likaguliwe miezi 12 kabla, ili siku ya kuondoka isiwe siku ya kuanza kutafuta karatasi.

Yako maoni yanayosikika kwamba umri wa kustaafu urudishwe miaka 55 ili vijana wapate kazi. Twawaelewa vijana. Ni watoto wetu, wana shahada na wanauza miwa. Lakini tazameni vizuri: ukiwaondoa kwa siku moja watu wote wenye miaka 55 hadi 60, na nyuma yao hakuna waliofundishwa, utakuwa umefanya tena yale ya miaka ya 1990. Na nani amewaambia kwamba kila nafasi itakayoachwa itajazwa? Nafasi ngapi ziko wazi hata sasa? Kwa upande mwingine, hatukubali vile vile mkubwa aliyetimiza miaka 60 aongezewe mwaka baada ya mwaka kwa kusema hakuna mwingine awezaye. Ikiwa hakuna mwingine, yeye alikuwa akifanya nini miaka 10 alipokuwa mkubwa? Njia yetu ni hii: aondoke kwa wakati wake, na mrithi awe tayari kabla ya wakati huo.

WAJIBU WETU SISI WENYEWE

Baada ya kudai, tujiangalie na sisi. Wako wazee wa kazi wanaoficha ujuzi. Mzee hufikiri, "Kijana akijua yote, wataniondoa." Twaelewa hofu hiyo, maana wengi wameona wenzao wakipunguzwa. Lakini kumbukeni: anayeficha kazi hapati hata siku moja zaidi ya umri wake. Barua ya kustaafu haimwulizi mtu anajua nini. Itakuja tu. Na ujuzi alioficha utazikwa bila jina lake. Aliyefundisha watatu, jina lake hutajwa kila wanapofungua vali.

Kwenu vijana, cheti chako ni kizuri, tena kimewagharimu wazazi. Lakini usimdharau mama karani asiyejua kompyuta vizuri. Mfundishe kompyuta, akufundishe majalada. Mmoja asimngoje mwenziwe kama fisi angojavyo mkono wa mtu uanguke.

Twashauri jambo moja rahisi ambalo halihitaji bajeti. Kila mwanachama anunue daftari. Aandike kazi yake: hufanywa lini, kwa vifaa gani, nani huulizwa, makosa gani hutokea mara nyingi. Fundi wa maji achore vali zake. Muuguzi aandike dawa huagizwa vipi zisiishe. Daftari hilo likabidhiwe kwa anayemfuata mbele ya shahidi wa tawi.

Na chama chenyewe kisijitoe katika hesabu hii. Uchaguzi wetu huja kila baada ya miaka 5. Kila katibu wa tawi awe na naibu anayejua kusoma mapatano, kuandika malalamiko na kusimama mbele ya mwajiri. Katibu asiye na naibu wa namna hiyo, wanachama wamwulize kwa nini. Tawi lenye mtu mmoja tu anayejua kusema ni tawi linaloweza kunyamazishwa kwa barua moja ya uhamisho.

Ndugu zetu, twamalizia. Kabla ya mwezi kwisha, kila tawi lilete ofisini orodha mbili: wanachama watakaostaafu katika miaka 5, na wanachama wanaokaimu zaidi ya miezi 6. Vibarua walete tarehe zao za kazi. Tukiwa na orodha hizo mkononi, tutakapoketi na mwajiri hatutasema "tumesikia" au "yasemekana." Tutaweka hesabu mezani, na atakayebisha abishane na hesabu.

Umoja ni nguvu. Sasa twangoja maswali yenu.